Bangi ya Yaya Yangu

Kofi la kwanza nililopigwa na yaya yangu lilikuwa kwa sababu ya jani la bangi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukikaa Uvira, na askari waliopiga kambi karibu na shule yetu walikuwa wamepanda vishina kadhaa nyuma ya choo chao. Nilichuma jani moja kwa kuwa lilikuwa na vidole vizuri, nikaliweka katikati ya daftari la hesabu ili likauke. Yaya alipofungua daftari kukagua kazi yangu alilitazama jani, akanitazama mimi, kisha akanipiga. Halafu akalichoma pamoja na ukurasa wake. "Wanavuta hii ndipo wanakuja kutuvunjia milango," alisema. Sikuligusa tena jani hilo mpaka nilipotimiza miaka arobaini na miwili.

Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya. Watanzania ninaowashonea hapa Johannesburg hucheka wakinisikia, maana kwao yaya ni mfanyakazi anayelea watoto. Huwa siwasahihishi. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, na aliyenibeba mgongoni, akaniogesha, akanipeleka shule, ni yeye. Yeye mwenyewe hakuzaa. Mwaka 2015 alinifuata Afrika Kusini akiwa na begi moja, akanikuta nimekwisha kuwa fundi cherehani kwenye barabara kuu ya Kensington, na siku ya pili tu alikihamishia kitanda changu upande wa dirishani, eti nilikuwa nalala vibaya. Tulipanga vyumba viwili vya nyuma kwenye ua wa mzee mmoja mjane. Yaya alikuwa akinunua vitenge kwa jumla Fordsburg, akavitembeza Hillbrow kwa wanawake wa kwetu, ghorofa kwa ghorofa, na Jumapili aliimba kwaya. Tuliishi hivyo miaka mitatu.

Katikati ya 2018 nilikuta nguo zake zimelowekwa kwenye karai, na maji yamekuwa mekundu. Alikuwa amenificha kwa miezi. Hospitali walimpima, wakampima tena, wakampiga picha, na siku ya majibu daktari alitukalisha kwenye chumba kisicho na dirisha akasema maneno machache kwa Kiingereza. Saratani ilikuwa imetoka kwenye kizazi ikaenda kwenye ini. Hakukuwa na la kukata wala la kuchoma. Yaya hakujua Kiingereza, kwa hiyo nikamtafsiria: kwamba ugonjwa ni mkubwa lakini zipo dawa za kutumia nyumbani, kwamba tutarudi baada ya mwezi, kwamba ale vizuri apate nguvu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Tulipokuwa tunangoja teksi nje, akaniuliza, "Yule amesema maneno kumi. Wewe umesema mangapi?"

Teksi ilifika. Alinishika kiwiko tukapanda.

Walitupa chupa ya dawa ya maji ya kupunguza maumivu. Ilimsaidia kidogo, lakini ilimtapisha, na kilichokuwa kinamwua haraka kuliko maumivu ni kutokula. Kila nilichopika alikitazama kama mtu anayetazama picha ya mtu asiyemjua. Uji, sombe ya majani ya muhogo, mchuzi wa samaki, hata chai. Akijilazimisha vijiko vitatu, vinarudi. Nilianza kumwona mifupa ya mabega kupitia gauni nililomshonea mwenyewe, nikalipunguza, baada ya wiki mbili nikalipunguza tena. Kisha siku moja nilikwenda kuchukua chupa nyingine, nesi wa dirishani akaniambia imekwisha, nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ilikuwa imekwisha.

Habari za mahakama nilizisikia kwenye redio, dukani, mwezi wa tisa. Walisema mtu mzima anaweza kupanda bangi nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe na asikamatwe. Wateja walicheka. Mmoja, mama wa Kizulu aliyekuja kuchukua sketi, hakucheka. Alingoja wenzake watoke ndipo akaniambia kwamba baba yake alikuwa na ugonjwa kama wa yaya, na kwamba ile kitu ilimfanya ale. "Hakupona," alisema. "Lakini alikufa akiwa ameshiba."

Maneno hayo yalinikaa tumboni siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda Hillbrow, kwenye kona ambayo kila mtu anaijua, nikanunua kifuko kwa mwanamume ambaye hakunitazama usoni. Nilichemsha kiasi kwenye maziwa, nikamwambia yaya ni dawa ya mizizi. Alikunywa nusu kikombe. Baada ya saa moja alianza kupiga kelele. Aliona askari wakitoka kwenye kabati. Aliniita kwa jina la mama yetu, akanisihi nizibe mlango, akajikojolea, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio hata niliuona ukigonga chini ya ngozi ya shingo. Nilimkumbatia sakafuni mpaka jua lilipozama na akatulia.

Mwenye nyumba wetu alikuwa amesikia kelele. Tulimwita Oom, kama mtaa mzima ulivyomwita. Ni neno la Kiafrikana la kumheshimu mzee. Alizaliwa ukingoni mwa jangwa la Kalahari, akaja mjini ujanani kufanya kazi ya reli, na sasa alikuwa anaishi peke yake na mipungate yake, mimea ya miiba ya jangwani, vyungu hamsini na kitu kwenye baraza, na divai ya boksi. Aliingia bila kubisha hodi, akachukua kifuko mezani, akakinusa.

"Hii si daga tupu," alisema. Daga ndilo jina lao la bangi. "Wameitia takataka. Unataka kumwua dada yako?"

Nililia mbele yake. Nilimwambia yote, kuhusu chupa iliyokwisha na chakula kinachorudi. Alisikiliza akikunakuna ndevu.

"Eish, mama. Basi panda yako."

"Sijui kuipanda, Oom. Na hapa ni mawe matupu."

"Mimi nimekulia mahali ambapo mvua ikinyesha watoto wanaogopa," alisema. "Bibi yangu aliipanda nyuma ya zizi la mbuzi. Hapa kwako ni bustani."

Kesho yake aliniletea mbegu ndani ya kibweta cha tumbaku. Sikumuuliza alizipata wapi.

Ua wetu ulikuwa kwenye mteremko wa mawe unaoelekea kaskazini, upande ambao jua la huku halibanduki toka asubuhi hadi jioni. Mwaka ule mvua zilichelewa. Mwezi wa kumi ulikuja na upepo mkavu unaopasua midomo. Nilikuwa naamka na damu puani, na vitambaa dukani vilinirushia cheche nikivikunja. Jiji lilikuwa limekataza kumwagilia kwa mpira mchana. Mimi, kwa ujinga wangu, nilipanda mbegu za kwanza kwenye ndoo nyeusi za rangi, nikazipanga ukutani ambako niliona ni pazuri. Ziliota. Nilifurahi kama mtu aliyejifungua. Siku ya tisa nilirudi kutoka dukani saa nane mchana nikakuta miche yote imelala, na nilipotia kidole kwenye udongo ulikuwa wa moto kama uji.

Oom aligonga ndoo kwa fimbo yake. "Umeipika mizizi. Mmea wa jangwani unakaa chini, siyo juu."

Tulichimba mashimo matatu. Nasema tulichimba, lakini mzee alikaa kwenye kiti akiwa na glasi yake na mimi ndiye niliyeshika sururu. Kila shimo lilifika kiunoni kwangu, maana chini ya mawe alisema kuna udongo usiojua kwamba juu kuna joto. Tulijaza samadi iliyokauka, majani yaliyooza na mchanga, tukaacha uso wa shimo chini ya usawa wa ardhi kama bakuli, ili kila tone liteleze lifike katikati. Kuzunguka bakuli tukapanga mawe. Juu ya udongo ilibidi kuwe na kitu cha kuzuia jua lisinyonye maji, na nyasi hazikuwepo, kwa hiyo nilileta gunia la vipande vya vitenge kutoka dukani. Nilivitandaza safu kwa safu. Miche mipya ilipotoka ilichomoza katikati ya maua mekundu na ndege wa bluu. Kisha nilichukua bitana nyeupe ya mapazia, nikashona kivuli cha kuwekwa upande wa magharibi, kwa ajili ya lile jua la alasiri ambalo Oom alisema ndilo linaloua.

Nilimwagilia alfajiri, kabla ya kwenda kazini, ndoo kwa mkono, polepole, kikombe kwa kikombe.

Yaya aliona kila kitu kutoka kitandani, maana dirisha lilitazama ua. Kwa wiki tatu alinitazama nikimwagilia. Mimi nilisema ni mboga. Asubuhi moja nilipoingia na mikono yenye tope akaniambia, "Mimi naumwa tumbo, siyo macho."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Yaya, ni kwa ajili yako. Inaweza kukurudishia hamu ya kula. Sheria imekubali."

"Sheria ya nani? Mungu naye amekubali?" Aligeukia ukutani. "Nimekulea uje unipandie uchafu wa askari dirishani."

Siku hiyo hakunywa hata maji kutoka mkononi mwangu. Nami niliendelea kumwagilia, kwa sababu sikuwa na jambo lingine lolote la kufanya. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Watu wanadhani nilikuwa na tumaini. Nilikuwa na ndoo tu.

Mwezi wa kumi na mbili bomba kubwa lilipasuka mahali fulani na mtaa mzima ukakosa maji. Siku ya kwanza nilitumia yaliyokuwa kwenye ndoo. Siku ya pili nilinunua maji ya chupa spaza, duka dogo la mtaani, mpaka zikaisha huko nako. Lilikuwa joto ambalo hata ndege hawakulia. Mchana miche, ambayo sasa ilinifika kifuani, ilikunja majani yake juu kama viganja vya mtu anayeomba, na jioni haikuyakunjua. Mmoja ulianza kukauka kutoka nchani. Siku ya tatu lori la maji lilikuja, tukapanga mstari, nikapata ndoo mbili. Moja niliiweka kwa kunywa na kupika. Nyingine ilikuwa ya kumwogesha yaya, maana alikuwa hajaogeshwa siku tatu na vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeanza kunuka.

Nilimwandaa. Nilimvua, nikamtandikia taulo, nikachovya kitambaa.

Akanishika mkono. "Ngoja. Hayo maji ni yote?"

"Ndiyo, yaya."

Alitazama dirishani muda mrefu. Alikuwa na maumivu siku hiyo, alikuwa anapumua kwa meno. "Niogeshe kesho," alisema. "Kayamwage kule."

"Yaya, unanuka."

"Nanuka, ndiyo. Kayamwage kule, mdogo wangu. Nimechoka. Sitaki kupona, nataka kula. Nataka kulala siku moja bila kuisikia hii kitu. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Nilitoka na ndoo. Niligawa maji yale kwa mashimo mawili tu, kwa sababu mche wa tatu ulikuwa umekwisha kufa na sikuthubutu kuupotezea hata kikombe. Nilipiga magoti kwenye vitambaa, nikamwaga, nikalia, na nilikuwa na hasira isiyo na mwenyewe. Tangu siku hiyo yaya hakuiita tena uchafu. Aliniuliza kila asubuhi, "Inaendeleaje?" kama mtu anayeulizia mgonjwa mwingine.

Mchungaji alikuja kumwombea baada ya Krismasi, pamoja na mama wawili wa kwaya. Mmea mkubwa ulikuwa umepita urefu wa kivuli changu, na harufu yake ilikuwa imeingia chumbani. Mama wale waliziba pua kwa leso. Mchungaji alinitazama mimi.

"Dada, kile kilichoko nje ni nini?"

Kabla sijafungua mdomo yaya akasema, "Ni changu."

"Mama, wewe ni mtu wa madhabahuni."

"Ndiyo, Mchungaji. Sasa omba. Ukiomba na maumivu yakaondoka leo, mdogo wangu ataing'oa leo hii, wewe ukiona kwa macho yako."

Mchungaji alipiga magoti. Aliomba kwa muda mrefu, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa lugha ambayo hatuijui, mpaka jasho likamtoka shingoni. Sidhani kama alikuwa anaigiza. Alipomaliza alimwangalia yaya, na yaya akatikisa kichwa. Mchungaji akainuka, akajifuta, akaondoka bila kuniambia niing'oe wala niiache. Kati ya wale mama wawili alirudi mmoja tu kumtazama yaya, na huyo alikaa mlangoni.

Mwezi wa kwanza Oom alivaa miwani yake, akakagua maungio ya matawi ya mimea miwili iliyobaki. Alikagua ule mkubwa kwanza, ule nilioupenda, wenye shina nene kama kifundo cha mkono wangu. Alichuma kitu kidogo kama kipira cha kijani, akakipasua kwa ukucha.

"Huu ni dume," alisema. "Ung'oe."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hauna kitu. Utatoa vumbi tu, na vumbi lake litamharibu mwenzake. Ung'oe sasa hivi."

Miezi mitatu. Ndoo zote zile. Niling'oa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma nikaangukia mawe, na mizizi ikatoka na vipande vya vitenge vimeng'ang'ania. Oom alichukua fimbo yake akaenda kukagua wa mwisho, akakaa nao muda mrefu akiinama, nami nilibaki pale chini nikiwa nimekumbatia lile shina, sikutaka kusikia atakachosema.

"Jike," alisema hatimaye. "Una mmoja."

Huo mmoja ulianza kutoa maua mwanzoni mwa mwezi wa pili. Oom alisema mpaka mwezi wa nne ndipo uvunwe. Yaya alikuwa hana mwezi wa nne, na sote watatu tulijua. Dawa ya hospitali ilikuwa inapatikana wiki moja na kukosekana wiki mbili. Alikuwa amekuwa mwepesi hata nilimwinua kwa mkono mmoja huku wa pili ukibadilisha shuka. Aliacha kuniuliza inaendeleaje. Alikuwa anauliza, "Imeiva?" Nikitoka kuoga, imeiva? Nikirudi kutoka dukani, kabla sijaweka mkoba chini, imeiva? Wakati mwingine aliuliza akiwa usingizini.

Asubuhi moja niliuliza mara ya mwisho. "Oom, nikiikata leo?"

"Bado wiki sita, saba. Ukikata sasa utapata majani na harufu. Na joto hili, mmea uliokatwa unashtuka. Ngoja."

"Yeye hawezi kungoja."

Alinipa mkasi wake wa mipungate.

Nilikata nusu ya juu. Tulikausha maua machanga kwenye oveni yake kwa moto mdogo, tukayapika kwenye siagi, na mzee alionja kwanza akakaa saa mbili akijisikiliza. Akasema ni dhaifu lakini ni safi. Siku ya kwanza nilimtilia yaya kijiko kimoja kwenye uji na hakuna kilichotokea. Siku ya pili nilitia viwili. Alilala toka saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni, uso wake ukiwa umeachia, na nilikaa pembeni nikimhesabia pumzi kwa hofu. Alipoamka alinitazama akasema, "Nipikie sombe. Usiweke pilipili nyingi kama unavyopenda kuharibu."

Nilikimbia. Kweli nilikimbia, mpaka kwa Mkongomani anayeuza majani ya muhogo, nikarudi na kuyapika nikiwa bado nimevaa viatu vya dukani. Alikula vijiko saba. Vilikaa. Kesho yake alikula tena, akaomba kiti kipelekwe barazani, akakaa akitazama mipungate ya Oom. "Mwambie huyu mzee," alisema, "mimea yake ina sura ya watu wenye gubu." Nikamtafsiria Oom, safari hii neno kwa neno, mzee akacheka mpaka akakohoa.

Zilikuwa siku nne. Siagi ikaisha, na maumivu yakarudi kama yaliyokuwa yamekwenda kuchukua ndugu zake.

Nilikimbilia nusu iliyobaki ya mmea. Oom alikuwa amesema kweli: ulikuwa umeshtuka. Majani ya chini yamegeuka njano, na katikati ya yale ya kijani kulikuwa na utando mwembamba kama wa buibui. Niligeuza jani moja nikaona nukta nyekundu zinatembea. Ni utitiri, Oom aliniambia, hupenda joto kavu, na dawa ya madukani huwezi kuitia kwenye kitu kitakacholiwa na mgonjwa. Ilibidi kufuta jani moja moja, juu na chini, kwa kitambaa cha maji ya sabuni, kila siku, mpaka waishe. Nilifanya hivyo. Nilikuwa naacha duka limefungwa. Nilikuwa nafuta majani ya mti kwa uangalifu ambao, nikifikiria sasa, sikuwa nao tena nikimwosha yaya. Yeye nilikuwa namwosha haraka, nikiwa na wazo moja tu, nirudi nje kabla jua halijakaza.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimempa maji, nimemgeuza, nimemwambia natoka kidogo. Alisema jambo ambalo sikulisikia vizuri, nami nikasema, "Nakuja, yaya." Nikapiga magoti kwenye shimo na beseni langu. Nilikuwa nimefika tawi la tatu. Dirisha lilikuwa wazi, hatua sita kutoka nilipokuwa, na sikusikia chochote. Hakuniita, au aliniita kwa sauti ambayo haikufika. Oom ndiye aliyeingia kumpelekea mkate aliouoka, akatoka akiwa bado ameshika sahani.

"Mama," alisema. "Acha hayo majani."

Nilimkuta macho yakitazama dirishani. Mkono wake ulikuwa bado una joto, lakini na shuka nayo ilikuwa na joto, na ukuta pia, kila kitu kilikuwa na joto siku hiyo, kwa hiyo sikuweza kujua nimechelewa kwa dakika ngapi. Nilikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilimfumba macho kwa mikono ile.

Tulimzika huku, maana kumrudisha Uvira kulitushinda. Mchungaji alikuja akahubiri vizuri, hakugusia la ua wangu. Mama wa kwaya waliimba, nami sikuweza kuwatazama, siyo kwa hasira bali kwa sababu mmoja wao alikuwa amevaa gauni ambalo yaya alimuuzia kitambaa chake.

Baada ya mazishi sikwenda tena nyuma ya nyumba. Nilitundika shuka dirishani. Nadhani Oom aliendelea kumwagilia, kwa sababu nilikuwa namsikia alfajiri, fimbo na ndoo, fimbo na ndoo. Mwezi wa nne alinigongea akaniambia umeiva, na kwamba ni mzuri kuliko alivyotarajia, na kwamba ni wangu. Nikamwambia auchukue. Alisimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Nimekuwa nikifikiria," alisema. "Ningekukataza kukata, ungenisikia."

"Nisingekusikia, Oom."

"Ningejaribu, lakini." Akavaa kofia. "Alikula, mama. Mimi nilimwona akila."

Nilifunga mlango kwa adabu, nikakaa sakafuni nikalia mpaka nikatapika.

Mwezi wa sita nilihama. Nilimwambia Oom kwamba nataka kuwa karibu na wateja, naye akajifanya amekubali, akamtafuta mtu mwenye bakkie, yaani pikapu, wa kunibebea vitu. Chumba changu kipya kiko ghorofa ya tisa Hillbrow. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo wanaume wawili wa Burundi walipandisha cherehani ngazi kwa ngazi, wakipumzika kila kituo na kunilaumu kwa utani. Niliiweka karibu na mlango. Upande wa pili wa korido kulikuwa na bibi harusi aliyehitaji gauni kufikia Jumamosi, na bado nilikuwa sijafungua maboksi alipokuja kupimwa. Nikamwambia asimame wima, ashushe mabega, nikaanza na kifua.